Mtoto wa Tanga na Vichwa vya Watoto

Kosa langu lilikuwa kutaja Tanga.

Tulikuwa kazini, mapumziko ya mchana, kwenye ghala moja nje kidogo ya mji wa Gent, Ubelgiji. Ilikuwa Januari, na wenzangu walikuwa wakibishana baiskeli kama kwetu watu wanavyobishana Simba na Yanga, yaani kwa sauti ya juu na bila kusikilizana. Huku Flanders wana mashindano yao, Ronde van Vlaanderen, yaliyoanza mwaka 1913. Siku yenyewe, Jumapili moja karibu na mwanzo wa Aprili, watu hupanga foleni barabarani kama wamekuja kumpokea rais. Jumamosi yake, raia wa kawaida huruhusiwa kupita njia zile zile kwa kulipa ada, ili nao waonje walau robo ya mateso ya mashujaa wao. Mmoja akanigeukia, nadhani kwa adabu tu, akaniuliza kama na mimi najua kuendesha.

Mtoto wa Tanga kuulizwa kama anajua baiskeli! Kwetu mama huenda sokoni kwa baiskeli, baibui kalikusanya vizuri lisiingie kwenye cheni, kapu mbele, mtoto nyuma kwenye keria. Nikawaeleza hayo yote, na chumvi kidogo. Yule bwana akanitazama miguu. Tangu Biniam Girmay wa Eritrea ashinde mashindano ya baiskeli ya Gent–Wevelgem mwaka 2022, Mwafrika akigusa baiskeli huku watu wanaingiwa na matumaini. Sikuona sababu ya kuwakumbusha kwamba Girmay katokea Asmara, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mimi nimetokea Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, ambako kupanda mlima ni kupanda ngazi za msikiti. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimejiandikisha, kilomita zipatazo 140.

Jioni nikampigia mama.

"Mwanangu, wanakulipa shilingi ngapi?"

"Hawanilipi, mama. Mimi ndiye ninayelipa."

"Unalipa. Kuendesha baiskeli yako mwenyewe."

"Ndiyo, mama. Kwenye mawe."

Kimya. Kisha akasema, "Mkeo yupo karibu? Hebu mpe simu."

Baiskeli niliinunua kwa mkono wa pili. Nyepesi, unaiinua kwa vidole viwili, haina keria, haina kengele, haina stendi. Mtu wa kwetu angedhani imeibiwa vifaa. Muuzaji akanitilia na viatu vya bure, vile vyenye kinasio chini kinachojifunga kwenye pedali. Kujifunga ni sekunde moja. Kujifungua unatakiwa uzungushe kisigino kwa nje, jambo ambalo mwili wangu, baada ya miaka thelathini ya kushusha mguu tu ukifika, haukukubaliana nalo. Taa nyekundu ya kwanza nilisimama vizuri kabisa. Kisha nikaanza kwenda upande wa kulia, taratibu, kama mnazi unaoangushwa na fundi anayeijua kazi yake. Nilipata muda wa kutosha wa kuwatazama watoto wa shule waliokuwa wakivuka, na wao wakapata muda wa kunitazama. Mwalimu wao aliuliza kama nimeumia. Nikamjibu, nikiwa bado nimefungwa kwenye baiskeli kama mzigo wa kuni, kwamba napumzika.

Halafu ile kaptula. Ina kigodoro ndani, mahali pa kukalia. Niliivaa sebuleni nijitazame, na mke wangu akaweka mwiko chini.

"Baba Mwanaidi, hiyo ni nepi?"

Nikamweleza sayansi yake. Ambacho sikukijua mimi mwenyewe ni kwamba kaptula ile haivaliwi juu ya chupi. Mshono wa chupi, ukiusugua kwa saa tatu, unageuka msumeno. Nilikijua Jumapili moja mazoezini, baada ya kilomita 60. Siku mbili nilikula chakula nimesimama, na kazini nikasema ni mazoezi ya mgongo.

Nina rafiki kutoka Lubumbashi, ambaye Kiswahili chake na changu ni mtu na binamu yake: wanafanana sura, ila usiwaachie funguo moja. Alipopata habari alikuja nyumbani usiku huo huo, akaketi, akakaribishwa chai, na mbele ya mke wangu na shemeji yangu wa kike akaniuliza kwa bashasha, "Ndugu, kinga yako iko wapi? Nataka niione."

Sasa, kwetu Tanzania neno hilo limekaa sana kwenye mabango ya kliniki. Shemeji akaenda jikoni ghafla. Mimi nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba hayo tungeyazungumza nje. Naye akashangaa: "Nje? Kwa mvua hii? Si utaiharibu?" Ilichukua dakika nzima kufahamu kwamba kwao Lubumbashi kinga ni baiskeli. Mke wangu hadi leo nikitoka mazoezini huniuliza kama nimeifuta kinga yangu kabla ya kuiingiza ndani.

Mazoezi yenyewe yalikuwa na tatizo la jiografia. Gent nayo ni sinia. Mlima wake, Blandijnberg, wenye maktaba ya chuo kikuu juu yake, kilele chake hakifiki mita 30 juu ya bahari. Niliupanda na kuushuka mpaka wanafunzi wakaanza kunisalimia. Baada ya wiki tatu nikajiona nimeiva, nikaenda kuyajaribu mawe kwenye njia iitwayo Paddestraat, zaidi ya kilomita mbili za mawe matupu. Wenyewe mawe hayo huyaita kinderkopjes, vichwa vya watoto, na ni kweli: yamevimba juu, duara duara, na yamepangwa na mtu asiyekuwa na haraka ya kumfurahisha yeyote.

Hapa niungame jambo. Fundi wetu wa mtaani alinifundisha kwamba tairi inajazwa mpaka ukiipiga kwa kidole iite kama ngoma. Nikaijaza ikaita. Kumbe kwenye mawe unatakiwa uipunguze upepo, ilale kidogo, ikubali kubonyea. Mimi nilipanda juu ya ngoma. Mita mia ya kwanza chupa ya maji ilichomoka. Mita mia mbili, pampu. Nikataka kupaza sauti, lakini neno lilitoka vipande vipande, kama mtu anayesoma taarifa ya habari juu ya mashine ya kusaga. Nilipofika mwisho mikono iliendelea kutetemeka peke yake; nilitia sukari kwenye kahawa na nusu yake ikaenda kwa jirani.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, nikaenda kwenye mlima wa Koppenberg. Urefu wake ni mita 600 tu, ukiutazama kwenye ramani unaudharau. Lakini kuna mahali mteremko unafika asilimia 22, mawe yana ukungu chini ya miti, na siku hiyo ilikuwa imenyesha. Mwaka 1976, mlima huu ulipoingizwa kwenye mashindano kwa mara ya kwanza, Eddy Merckx mwenyewe, bingwa wa mabingwa wa baiskeli, alishuka akatembea. Mwaka 1987 mwendeshaji Jesper Skibby alianguka pale, na gari la mkuu wa mashindano likapita juu ya baiskeli yake. Baada ya hapo mlima ukaondolewa mpaka 2002. Nilijiambia: mimi sina gari nyuma yangu.

Nilifika pengine theluthi moja. Gurudumu la nyuma likaanza kuzunguka bila kwenda popote, na safari hii mguu ulichomoka kwenye pedali kwa wakati, ushindi wangu wa kwanza. Mbele yangu walikuwa watu kama kumi, wote wameshuka, wote wanateleza, maana vile viatu juu ya mawe mabichi ni kama kwato juu ya sabuni. Bwana mmoja alikuwa akirudi chini akiwa amesimama wima, uso umetulia kabisa.

Ndipo nikamkumbuka mjomba wangu wa Soni, njia ya Lushoto, aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya kabichi kupanda Usambara. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye siti, kifua mbele, na miguu peku. Nikavua viatu na soksi, nikavifunga kwenye usukani, nikaanza kusukuma. Vidole vilishika mawe kama vimerudi nyumbani. Nikawapita wawili, nikawapita watano, nikampita kijana mwenye baiskeli ya bei ya shamba. Mzee mmoja aliyesimama kando na mbwa wake akaniuliza kwa Kiholanzi nimejifunza wapi kusukuma hivyo. Nikamjibu: "Kwa kabichi."

Nikafika juu, nikaegemeza baiskeli kwenye ukingo, nikajipiga picha ya kumtumia mama. Ni kwenye picha hiyo ndipo nilipoona usukani una kiatu kimoja.