Sanduku Limetangulia, Shangazi Anafuata

Majabali ya Moher, katika kaunti ya Clare magharibi mwa Ireland, yanafika mita 214 juu ya Bahari ya Atlantiki. Hivyo ndivyo kilivyosema kipeperushi. Siku basi la Shangazi lilipofika, abiria wote, wengi wao wastaafu wa Kiingereza, walijipanga ukutani na kukodolea macho weupe mtupu. Mawimbi yalisikika. Ndege walisikika. Jabali halikuonekana hata moja.

"Yapo hapo hapo," alisisitiza mwongozaji, kidole chake kikipotelea kwenye ukungu.

Shangazi, mzaliwa wa Lushoto anayeishi Uingereza kwa mtoto wa kaka yake, alimgeukia kijana huyo. "Mwanangu, umelipa pesa zote hizi nije kuona ukungu? Huo nimezaliwa nao." Wakaishia dukani, ambako majabali yalionekana vizuri sana kwenye kadi za posta.

Kwa haki, nchi haikumficha mtu kitu. Met Éireann, idara ya hali ya hewa ya Ireland, huhesabu siku za mvua zipatazo 150 kwa mwaka upande wa mashariki na 225 upande wa magharibi. Mabasi ya watalii nayo hukimbilia magharibi, maana ndiko kwenye uzuri.

Jua lilikuwa na visa vyake. Mwezi Juni, pande hizo, huzama karibu saa nne usiku. Hotelini chakula cha jioni kiliandaliwa saa kumi na mbili na nusu: samaki, viazi vya kuponda, viazi vya kuoka na, kwa atakayebaki na njaa, chipsi. Kisha wakaja wapiga fidla, wastaafu wakapiga makofi, naye Shangazi akaketi dirishani kusubiri magharibi. Msafiri ameruhusiwa kujumuisha sala. Kuliharakisha jua hajaruhusiwa. Saa mbili, jua lipo. Saa tatu, lipo, wala halina dalili ya kuaga. Fidla zikanyamaza, watu wakaenda kulala, mhudumu akaanza kupanga vikombe vya asubuhi, na Shangazi bado yuko pale pale, akisinzia, akishtuka, akienda kutawadha upya. Alipomaliza kusali na kufunga mizigo, usiku wenyewe ulikuwa umebaki kipande.

Msiba wa asubuhi uliandaliwa hapo. Katika safari za namna hii, masanduku huwekwa nje ya mlango wa chumba alfajiri, yakapakiwa wakati wageni wakinywa chai. Shangazi, mtu wa nidhamu, aliliweka lake usiku ule ule, limefungwa kwa kufuli na kamba juu yake. Alipoamka, sanduku lilikuwa limelala chini kabisa ya buti la basi, na ndani yake vimo viatu, magauni na koti. Chumbani kulibaki yeye, gauni la kulalia, doti moja ya kanga na kandambili.

Kijana akagonga. "Shikamoo Shangazi. Basi linaondoka."

"Marahaba. Liondoke na nani? Nguo zangu zimetangulia."

Alishuka ngazi na doti yake, moja kiunoni, moja kichwani, kwa mwendo wa bibi harusi. Chumba cha chai kikanyamaza, kisha sifa zikaanza: wastaafu walidhani ni vazi rasmi la kwao, amelivaa kwa heshima ya siku. Bibi mmoja akaomba kupiga naye picha. Shangazi alikubali, kandambili akazificha chini ya meza.

Blarney ilipita salama kwa sababu alikataa kupanda. Ngome hiyo, karibu na mji wa Cork, ilijengwa mwaka 1446, na juu kabisa lipo jiwe linalodaiwa kumpa ufasaha anayelibusu. Mwenye kutaka hulala chali, hushika vyuma viwili na kurudisha kichwa nyuma juu ya pengo, mhudumu akimshikilia. "Anayehitaji jiwe ili aseme," alitamka Shangazi, "hajawahi kukaa kwenye kikao cha mahari." Kijana alikwenda peke yake. Alipolala chali, sarafu zote zikamwagika mfukoni.

"Haya, ufasaha umeingia?"

"Umeingia, Shangazi. Hela zimetoka."

Ikabaki Kerry. Barabara ya Ring of Kerry, kilomita 179 kutoka Killarney hadi Killarney, ni nyembamba kiasi kwamba mabasi ya watalii huzunguka kinyume cha mishale ya saa, yasije yakakutana uso kwa uso kwenye kona. Ndani ya basi kulikuwa na kanuni nyingine: kila siku abiria wahame viti, haki itendeke. Haki ilimpeleka Shangazi kushoto.

Katika mji wa Killorglin walionyeshwa sanamu ya beberu. Kila mwaka, tarehe 10 hadi 12 Agosti, beberu wa mwituni huletwa mjini, huvikwa taji, hutawala siku tatu, kisha hurudishwa mlimani. "Watu waliopigana na mabeberu karne nzima nzima," alishangaa Shangazi, "leo wanamvika mmoja taji?" Kijana alicheka hadi mwongozaji akamletea mfuko wa kutapikia.

"Kushoto kwenu," kipaza sauti kikatangaza, "ni Carrauntoohil, mlima mrefu kuliko yote Ireland, mita 1,039!" Kamera zikainuka. Shangazi akasubiri mlima uanze. Mji wa Lushoto, pamoja na soko lake, umekaa kwenye mita kama 1,400.

Baada ya hapo mawingu yalifunguka na bahari ikajitokeza yote, na kule mbali Skellig Michael, kisiwa cha mwamba walichoishi wamonaki wa kale. Vyote vilikuwa upande wa pili. Shangazi aliona visogo vya wastaafu na, dirishani kwake, kondoo. Lazima isemwe kwamba walikuwa kondoo wazuri.

Anayekwenda Ireland, basi, siku ya Kerry aombe kiti upande wa dereva. Huko dereva huketi kulia, kama Tanzania na Kenya, na kwa mzunguko ule wa mabasi bahari huwa kulia karibu njia nzima.