Baba Mkwe na Chupa Yake

Nyumbani kwangu yupo mwanamume mmoja ambaye hakuna anayethubutu kumnyang'anya kinywaji mkononi. Si mimi. Soda yangu hufika nusu kabla sijaketi, na hakuna anayeomba radhi. Mwenye heshima hiyo ana umri wa mwaka mmoja na miezi minane, ana meno ya kutosha kung'ata mtu, na ana chupa.

Tatizo ni jina. Tulimpa la marehemu baba yangu, kama desturi inavyotaka. Kwa hiyo mimi namwita Baba, mke wangu anamwita Baba Mkwe, na mama yangu, aliyekuja kutoka Muheza kutusaidia kulea, anamwita Mume Wangu. Haya, katika ukoo huo nani ana mamlaka ya kumwachisha chupa? Mtoto haamrishi baba yake. Mkwe na mkwewe wanaheshimiana. Na bibi wa watu hawezi kukaa kimya mumewe akidhulumiwa sebuleni.

Nesi wa kliniki hakuzijua habari za ukoo. Alimpima Baba uzito, akajaza kadi, akamfunua mdomo wa juu kwa kidole, kisha akauliza, "Mama, huyu bado yuko kwenye chupa?"

"Usiku tu," akajibu mke wangu.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Baba alikuwa ameikumbatia chupa yake kwa mikono miwili, chuchu iko kinywani, anamtazama nesi bila kupepesa.

Nesi akatusomea. Chupa huanza kuagwa mtoto akitimiza mwaka, na isivuke mwaka na nusu. Ile ya kulala nayo ndiyo mbaya zaidi: maziwa yanatuama kwenye meno ya juu ya mbele, bakteria wanakesha wakila sukari yake, na meno yanaoza. Ya chini yana nafuu, yamefunikwa na ulimi. Halafu mtoto anayeshinda na chupa anashiba maziwa, ugali anausukuma. Maziwa hayana madini ya chuma ya maana, na kalsiamu yake ikizidi inauzuia mwili kufyonza hata hayo machache. Mwisho wake ni upungufu wa damu. "Kwa hiyo mwachisheni," akasema. Tukainuka. "Ila kalsiamu isipungue." Tukakaa tena.

Usiku ule nikapiga hesabu. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo wanasema mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu apate miligramu 500 za kalsiamu kwa siku. Wamarekani wanataka 700, maana wale hawajawahi kupika kidogo. Kikombe cha robo lita cha maziwa ya ng'ombe kina takriban 300. Vikombe viwili kwa siku na chakula cha kawaida, kazi imekwisha. Baba alikuwa anamaliza lita nzima. Sijui ile mifupa ya ziada alikuwa anamjengea nani.

Lakini hesabu ile ni ya ng'ombe, haikumjua muuza maziwa wetu. Wataalamu wanashauri chupa ya kulalia iongezwe maji kidogo kidogo, mpaka mtoto aone haina maana tena. Huyu bwana wa baiskeli ameutekeleza ushauri huo kwa mtaa mzima miaka nenda rudi, na wizara haijamlipa hata senti. Nilipomuuliza kama maziwa yake ni mazima, akaapa kwa jina la mama yake. Mama yake sijawahi kumwona, ila nahisi ni bomba.

Basi tukatafuta kalsiamu kwingine, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mtaa wetu hauna fundi bomba wala fundi umeme, una wataalamu wa lishe watupu. Jirani wa kushoto akaleta supu ya mifupa: "Mifupa hujenga mifupa, kaka." Kumbe kalsiamu ya mfupa hubaki kwenye mfupa, supu inaondoka na utamu na mafuta tu. Aliyefaidika ni mimi, na ndimu. Shemeji akaleta mchicha fungu zima. Mchicha unayo kalsiamu, ila una asidi ya oksaliki inayoing'ang'ania, tumboni inapita tu kama basi lisilo na kituo. Sukuma wiki ina nafuu zaidi. Wa kulia akasema dagaa, na huyu angalau alisema la maana: dagaa analiwa na mifupa yake, na mfupa ndio wenye mali. Sangara uliyemchambua miiba hakupi kitu upande huo.

Mke wangu akasaga dagaa, akawachanganya kwenye uji wa ulezi, nafaka inayozishinda nyingine zote kwa kalsiamu. Kwenye karatasi, ule uji ulikuwa zege. Baba akaletewa kijiko. Hakulia. Alikinusa, akafunga mdomo, akakishika kijiko mwenyewe kwa adabu zote, akakigeuza juu ya suruali yangu ya kazini. Siku ile ofisini kila aliyepita mezani kwangu aliuliza nani kaleta chakula.

Mama mkwe naye akapiga simu: paka chuchu shubiri, mbona sisi tuliwaachisha ziwa hivyo hivyo. Mama yangu, ambaye simu za wenzake huzisikia hata akiwa jikoni, akajibu kutoka huko huko, "Mume wangu hapakwi shubiri!" Mkutano ukavunjika.

Mwishowe mke wangu akaificha chupa juu ya kabati na kutangaza kwamba imechukuliwa na paka. Baba akapokea taarifa, akalia kama anavyolia mtu mwenye haki, akalala. Asubuhi akatoka uani na kumkabili paka wa jirani pale kwenye karo. "Nyonyo!" Paka akamtazama. "Nyonyo yangu!" Akamshika mkia, akaangalia chini yake, akaangalia nyuma ya ndoo. Tangu siku ile paka yule akisikia mlango wetu unafunguliwa, anapandia ukuta.

Ikabidi niende Kariakoo kununua kikombe maalumu cha watoto: masikio mawili, mfuniko, mdomo wa kufyonzea, picha ya tembo. Bei yake ningepata sufuria. Baba akakitazama, akakitupa chini ya kochi. Alichokitaka ni kikombe changu, kile kikubwa cha bati ninachonywea chai tangu sijaoa. Akamiminiwa maziwa humo. Akanywa kama mzee wa kijiwe, nusu tumboni, nusu kifuani, akahema "Aaah!" na kunirudishia kitupu niongeze. Sasa anakunywa kimoja asubuhi na kimoja jioni, na mchana anapewa mtindi, ambao kalsiamu yake haina tofauti na ya maziwa. Ugali anakula. Dagaa anakula pia, ila ni wale wa kwenye sahani yangu.

Chupa haiulizwi tena, isipokuwa na mama yangu, anayeona mumewe amekonda. Mimi nimeomba ninunuliwe kikombe kingine. Mke wangu amekataa. Anasema hela imeshakwenda Kariakoo, na kile cha tembo hakiwezi kukaa bure. Ndicho ninachonywea chai. Nakunja shingo, nafyonza, na wageni wananiangalia. Wanangojea niseme kitu. Nawaambia hakimwagi.