Barua ya Wazi kwa Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya, Brussels

Waheshimiwa,

YAH: SHUKRANI KWA KUTUGUNDUA

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Sisi tunaotunza programu huria usiku, watoto wakishalala, tumeipokea kwa mikono miwili Sheria yenu ya Ustahimilivu wa Mtandao, iliyoanza rasmi Desemba 10, 2024. Miaka yote tulidhani tunajiburudisha. Kumbe tunabeba uchumi wenu!

Rasimu ya Septemba 2022 ilitutukuza zaidi: anayetoza ada ya usaidizi tu angeweza kuhesabiwa mfanyabiashara, sawa na kiwanda cha simu. Python Software Foundation, shirika la lugha ya programu ya Python, na wenzao wakalalamika (wasiopenda makuu hawakosekani), mkalegeza. Mashirika yetu mkayapa cheo kipya cha usimamizi: wajibu upo, faini haipo, bajeti nayo haipo. Anayejitolea bila biashara mkamwacha nje kabisa. Ahsanteni.

Shida ni wageni wetu. Kampuni inayouza bidhaa za kidijitali Ulaya, ikikiuka sheria, yaweza kutozwa faini ya hadi yuro milioni 15, au asilimia 2.5 ya mauzo yake ya dunia nzima, na inatakiwa kuhakiki hata vipande ilivyookota kwetu. Hofu hiyo itatushukia kwa barua pepe. Mazoezi yalishaanza: Januari 2022, baada ya kasoro ya usalama katika programu huria ya Log4j, kampuni moja kubwa ilimtaka Daniel Stenberg, mtunzaji wa curl, programu huria ya kuhamisha data, ajibu maswali yake ndani ya saa 24. Log4j si kazi yake, na mkataba naye hawakuwa nao. Akawajibu kwamba atajibu kwa furaha wakishasaini mkataba wa usaidizi. Ni jirani aliyechota kisimani kwako bure miaka yote, leo kaja na ndoo na mwanasheria, anadai cheti cha maabara.

Kifungu kinachoitaka kampuni ikigundua kasoro imjulishe mtunzaji, na ikiirekebisha imgawie marekebisho, ni kizuri mno. Tunakisubiri kwa hamu, kama malimbikizo ya mshahara.

Ombi moja la ufafanuzi. Kuanzia Septemba 11, 2026, watengenezaji wataripoti kasoro inayotumiwa na wahalifu ndani ya saa 24. Wakitupigia hodi Jumatatu asubuhi, ruhusa kwa mwajiri wetu wa mchana tuombe sisi, au mtamwandikia ninyi?

Wenu katika ujenzi wa soko la pamoja,

Watunzaji wa Kujitolea