Kijana Mkubwa, Kisanduku Hakuna

Wiki ya mwisho ya Juni, saiba za mjini Eldoret hujaa kuliko kanisa siku ya Krismasi. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa kujaza ritani za ushuru, na Mkenya hapendi kuwahi.

Kwenye foleni ya mwaka huu alikuwemo mwalimu mmoja wa Kapsoya, P9 yake, fomu ya mshahara na kodi ya mwaka, ndani ya bahasha, na kichwani wazo lililotoka Marekani. Dada yake wa Minnesota alikuwa amempigia simu akijisifu: binti yake wa miaka 22 yuko chuoni, akamjaza kama tegemezi, akapunguziwa dola 500. Sheria ya huko inamkubali mwanafunzi ambaye hajafika miaka 24. Mwalimu akapiga hesabu. Nyumbani ana kijana wa miaka 26, amehitimu, anaamka saa nne, anamaliza maziwa ya mursik na kukirudisha kibuyu kitupu mahali pake. Kama huyo si tegemezi, ni nani?

Fomu ya ushuru ya iTax haikosi udadisi. Una mkopo wa nyumba? Una bima? Una cheti cha ulemavu? Ungependa kutangaza mapato ya mke? (Ya mke, naam, aliyeitunga alikuwa na picha yake ya nyumba.) Kisanduku cha mtoto tegemezi hakuna. Kila mkazi hupata nafuu ileile, shilingi 2,400 kwa mwezi, awe anaishi na paka au analisha ukoo mzima. Upenyo upo kwenye bima: ukimkatia mtoto ya elimu, ya miaka 10 au zaidi, unapata nafuu ya asilimia 15 ya malipo, isipite 60,000 kwa mwaka. Lakini huyu elimu alishamaliza. Kilichobaki ni hamu ya kula.

"Mzee, kijana ana PIN ya ushuru?" mhudumu wa saiba akauliza.

Anayo, aliifungua akiomba mkopo wa masomo wa HELB.

"Huwa anajaza ritani?"

Ajaze nini, na hana kazi?

"Anajaza sifuri, Mzee. Asipojaza, faini ni 2,000 kila mwaka."

Kijana akapigiwa, akapokea mara ya tatu kwa sauti ya mtu wa kitandani. Nywila yake ilikuwa na Arsenal ndani. Akaunti ikafunguka: faini ya miaka mitatu, shilingi 6,000.

Mwalimu akalipa kwa M-Pesa, kisha akauliza kama hizo 6,000 zina mahali pa kujazwa kwenye ritani yake. Mhudumu akasema hapana, na kuchapisha risiti ni shilingi kumi.