Jiko Lenye Masharti ya Mavazi

Afrika ina jiko Florida. Liko ndani ya Walt Disney World, kwenye hoteli ya Animal Kingdom Lodge iliyofunguliwa mwaka 2001, na jina lake ni hilohilo: Jiko. Usitafute mafiga, wala shangazi wa kukupiga mwiko ukidokoa nyama. Hapo utakuta orodha ndefu ya mvinyo wa Afrika Kusini, na kwa miaka mingi sahani iliyovuma ilikuwa steki ya ng'ombe pamoja na makaroni ya jibini. Ni kabila gani hula hivyo, tusiulizane mezani.

Jirani yake ni Boma, bafe ya kujipakulia. Wanaoisifu huanza na kitindamlo: kikeki mfano wa kuba, ndani krimu laini yenye ladha ya pombe tamu iitwayo Amarula, juu chokoleti nyeupe iliyochorwa mistari myeusi. Pundamilia wa matonge mawili! Pundamilia wenyewe wako nje na twiga, wanatafuna majani ya Florida huku wageni wakiwatazama kutoka roshani.

Sina kinyongo na wapishi; mafundi wapo, na chakula kizuri hakiombi pasipoti. Ila wewe Mswahili ukialikwa, kandambili ziache chumbani. Jikoni kwa mama khanga moja yatosha. Kwenye Jiko hili kuna masharti ya mavazi. Na bakshishi usiisahau: Marekani haipungui sana asilimia 20, hata kama ulichokula ni makaroni.