Pikapu Mbili za Mtumba

Shemeji yangu wa Ifakara alinipigia simu Jumamosi saa moja asubuhi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimuoe dada yake. Akanisalimia kwa heshima nisiyoizoea, akaulizia afya, akaulizia kazi, akasifu juhudi zangu maishani, kisha akafika alikokuwa anakwenda: ana magunia 20 ya mpunga, na kwa kuwa sasa Mungu amenijalia pikapu mbili, je, moja isingeweza kushuka huko wiki ijayo?

Nikageuka kumtazama Mama Neema. Alikuwa ameinamia ungo, anachambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa.

Ilikuwa hivi. Usiku uliotangulia nilikaa barazani nikiongea kwa simu na mpiga besi wa kwaya yetu. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu aliyefanikiwa, kwamba pikapu zangu mbili zimeingia, za mtumba kutoka Japani, hazina kutu hata chembe, na Jumatatu nakwenda kuzitoa. Yote ni kweli. Ila pikapu ya mpiga gitaa ni kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu, ili mtikisiko wa uzi ugeuke umeme na kwenda kwenye amplifaya. Zote mbili unaweza kuzitia mfuko wa shati. Mke wangu alisikia "pikapu", akasikia "Japani", akasikia "mtumba", akapiga hesabu ambayo Mtanzania yeyote mwenye akili zake angeipiga. Kufika saa nne usiku ukoo mzima ulikuwa na habari. Mama mkwe alikuwa ameshatoa shukrani kwenye maombi.

Jumatatu nilipokileta kile kiboksi alikichukua, akakitikisa karibu na sikio.

"Shilingi ngapi?"

Nikataja nusu.

"Kwa hiyo, Baba Neema," akasema taratibu, "una magitaa manne ndani, na muda wote huu ulikuwa bado huna gitaa."

Sikuwa na jibu, lakini nilikuwa na maelezo. La kwanza kati ya hayo manne ni gitaa kavu aliloniachia baba mdogo. Funguo moja ya kukazia nyuzi ilikuwa imekatika, tukawa tunaizungusha kwa koleo. Uzi ukikatika tulifunga waya wa breki ya baiskeli. Ukitaka kupandisha sauti ili mwimbaji aifikie, unalaza penseli juu ya shingo na kuikaza kwa mpira wa tyubu. Cha kupigia kilikuwa vocha ya simu iliyokwisha kukwanguliwa. Watu wakisimulia enzi kama hizo hupenda kuongeza kwamba walikuwa na furaha kuliko sasa. Mimi sikuwa nayo. Kila usiku nililala nikiliwaza gitaa la umeme, jekundu.

Nikalipata. Wiki ya kwanza nililala nalo chumbani kama mtoto mchanga. Wiki ya pili nikagundua kuwa gitaa la umeme bila amplifaya lina sauti ya kuku anayetembea juu ya bati. Nikanunua amplifaya. Amplifaya ikanionyesha kwamba sauti yangu ni kavu, inahitaji pedali ya mwangwi. Ya mwangwi ikaomba mwenzake wa distosheni. Na pedali zina tabia zao: nyingi hutaka adapta ya volti 9 yenye hasi katikati ya jeki, ilhali adapta za vyombo vingi vya nyumbani zina chanya katikati. Hilo nililijifunza kwa pua.

Gitaa la tatu niliingia nalo nikisema ni la rafiki yangu, ameniomba nimtunzie. Mwaka wa nne huu. Mama Neema aliwahi kuniuliza kama rafiki huyo alikwisha kuzikwa au tunasubiri ndugu kutoka mikoani. La nne lilikuja kwa sababu mwenye nalo alikuwa anahama nyumba, na mtu anayehama husaidiwa.

Sasa kuhusu pikapu. Gitaa langu jekundu lina pikapu za koili moja moja, na hizo huunguruma. Umeme wetu hutikisika mara 50 kwa sekunde. Kila transfoma na kila taa ya tyubu iliyo karibu huipenyeza mitikisiko hiyo ndani ya koili, na spika inatoa sauti ya mzinga wa nyuki waliokasirishwa. Mwaka 1955 mhandisi mmoja wa Gibson, Seth Lover, aliiombea hataza dawa yake: koili mbili kando kwa kando, zimezungushwa na kupewa sumaku kwa namna ya kupingana, hivyo mngurumo wa moja unaufuta wa mwenzake na sauti ya uzi inabaki. Hayo niliyajua miaka mingi na niliishi na nyuki wangu kwa amani. Mpaka Jumapili ile.

Ilikuwa wakati wa sala. Tumemaliza wimbo, nimesahau kuzima distosheni, sauti iko juu. Nilikuwa nimeunganisha waya mpya wa Kariakoo, ule wa shilingi elfu tano ambao muuzaji aliuapia kwa jina la mama yake. Waya usio na ngao nzuri hugeuka antena, na transista za pedali zikipokea kilichonaswa hufanya kazi ya redio bila kuombwa. Mchungaji alikuwa amefumba macho, ameinua mikono.

"Sema nasi, Bwana," aliomba. "Sema, watumishi wako tunasikia!"

Kimya. Kisha kutoka kwenye spika yangu ikaja sauti nzito ya kiume, yenye mwangwi kwa sababu pedali ya mwangwi nayo ilikuwa wazi: "…lita elfu mbili, bei ni ile ile, na kukuletea nyumbani ni bure!"

Mama mmoja wa safu ya mbele alisema amina.

Mwalimu wa kwaya aliniambia kwa upole nitafute ufumbuzi. Mtu mwingine angebadilisha waya. Niliutazama, nikalitafakari tatizo kwa kina, nikaagiza pikapu kutoka Japani.

Kosa langu kubwa ni kwamba zama za uchumba nilikuwa namsimulia Mama Neema habari za wapiga gitaa, na yeye hasahau. Sasa ananirudishia. Ananikumbusha kwamba Franco Luambo alianza utotoni kwa gitaa la kopo lenye nyuzi za waya. Ananikumbusha Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, na aliyekuwa na gitaa kavu na vidole vyake, basi. Nilijaribu kumjibu kwa Brian May wa Queen, ambaye mwaka 1963 yeye na baba yake walianza kuchonga gitaa lake kwa mbao za meko kuukuu, na akaja kuzunguka nalo dunia. Nilidhani nampa mfano wa mtu aliyejali vyombo. "Kachonge," akasema, akanionyesha stuli jikoni. Nikamtajia Leo Fender, aliyetupa Telecaster na Stratocaster bila kuwahi kujifunza kupiga gitaa. Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Huyo, alisema, ndiye pekee kati yenu aliyeelewa biashara.

Basi nikaenda Temeke kutubu kwa mzee mmoja aliyepiga rithim kwenye bendi za dansi ujana wake wote. Zamani hizo vyombo havikuwa vya mwanamuziki. NUTA Jazz, ilipoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na bendi nyingi nazo zilikuwa na mwenye vyombo wake: shirika, jeshi, au tajiri mwenye baa.

"Tukimaliza dansi, vyombo vinafungiwa stoo," mzee aliniambia. "Ukihama bendi, unaondoka na vidole vyako. Nani angekuuliza kama gitaa umeridhika nalo? Hata kiti ulichokalia hukuulizwa."

Akachukua gitaa lake, lililofungwa shingoni kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, nyuzi zimefubaa. Akachomeka kwenye kiamplifaya changu, akapiga rithim moja ya taratibu, akairudia, akairudia tena, na mimi nikajikuta natikisa kichwa kama mtu anayekubali mashtaka. Nilijiandaa kwa hotuba. Nilikuwa tayari hata kulia kidogo.

Mzee akazima. Akatazama mlangoni, akanisogelea.

"Hicho kidude chako cha mwangwi," akanong'ona, "unakiachia bei gani?"

Alikitamani, kumbe, tangu siku alipokisikia kwa mpiga solo wa Kikongo akiwa kijana. Tukapatana. Alikuwa anainama kukisukumia uvunguni mwa kitanda, nami nikiona huko chini kona ya begi la gitaa jingine, bibi alipoingia na chai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Na hicho nacho cha nani?"

Mzee akanitazama. Macho hayo nayajua, huwa nayaona kwenye kioo.

"Changu, bibi. Nimemwachia mzee anitunzie."

"Ahaa." Akaweka trei mezani bila haraka. "Basi ni wewe. Miaka mitatu naambiwa mwenyewe yuko safarini." Akainama, akavuta lile begi, akanipa pamoja na kidude. "Nashukuru umekuja kulichukua gitaa lako, mwanangu. Chumba kidogo hiki."

Mzee alikuwa anaitazama chai kwa makini sana.

Nilirudi Tabata kwa bodaboda, nimelipakata begi kifuani. Mama Neema alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, midomo ikitembea kama anayehesabu.

"La mzee mmoja wa Temeke," nikasema. "Ameniomba nimtunzie."