Mstari Mwekundu

Ofisini kwetu kalamu nyekundu ni moja tu, na inakaa kwenye droo ya mama wa utumishi. Saa 2:00 kamili asubuhi mama huinuka, hulisogelea daftari la mahudhurio pale mapokezi na kupiga mstari. Ukisaini juu ya mstari, wewe ni mfanyakazi. Ukisaini chini, wewe ni mchelewaji, na ukiwa mchelewaji mara tatu kwa mwezi unapewa barua ya kujieleza. Mstari hauulizi kama umechelewa dakika moja au saa nzima.

Mimi nakaa Gongo la Mboto, ofisi iko Posta. Kabla ya mstari kuletwa nilikuwa dereva mstaarabu. Nilikuwa napisha watu hadi wenyewe wanadhani gari limeniharibikia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, lakini saa ninazokaa Barabara ya Nyerere nikitazama matako ya malori hazimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Mwaka 2018 tulifunguliwa Daraja la Mfugale pale Tazara, tukashangilia. Kweli, Tazara sasa unapita juu kwa juu kama mheshimiwa. Ila foleni yangu haikufa, ilihama. Niliikuta Kamata inanisubiri, imenenepa.

Basi nikajifunza kuchomekea. Baadaye nikajifunza kutanua, yaani kuacha lami ya halali na kupita pembeni kwa waenda kwa miguu na wauza mihogo. Mwalimu wangu alikuwa daladala. Yule ana udhuru wake: jioni tajiri anataka hesabu kamili, abiria wawe wamepatikana au hawakupatikana. Konda akipiga bodi na kupaza sauti, "Suka, tanua!", na mimi nilitii, ingawa hakuwa konda wangu.

Jumapili moja nilikaa nikapiga hesabu. Kilomita 10 kwa mwendo wa 50 unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu ni dakika 12. Ukikimbiza 80 ni dakika saba na nusu. Kwa hiyo wazimu wote ule unaokoa dakika nne na nusu, tena barabara ikiwa tupu, na mara ya mwisho kuiona tupu ilikuwa asubuhi ya Idi. Jumatatu nikatanua tena. Nilikuwa tayari na mistari miwili mwezi huo, na tarehe ilikuwa 19 tu.

Siku hiyo tulikuwa kama magari manane nyuma ya daladala moja, tumejipanga pembeni kama siafu. Mbele yangu kulikuwa na RAV4 ya kijivu inayotanua kwa ufundi ambao, nakiri, niliuonea wivu. Mara daladala likakata ghafla, likarudi kwenye lami. Mbele yetu wamesimama trafiki wawili wenye sare nyeupe, wanatabasamu.

"Shuka na leseni," afande aliniambia. Nikashuka. Mwenye RAV4 naye akashuka.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu mama wa utumishi, macho yameelekea Uwanja wa Ndege kana kwamba anasubiri mgeni.

Tuliandikiwa faini ya shilingi 30,000 kila mmoja, kosa moja, mahali pamoja. Karatasi yake ilitoka saa 2:07, yangu 2:09. Hatukuzungumza. Alipoondoka nilimfuata, safari hii kwenye lami, na alipisha kila mtu, hata mkokoteni.

Ofisini tuliwakuta wenzetu wamezunguka daftari kama waombolezaji. Saa ya ukutani ilisema 2:50, mstari haupo, na hakuna aliyethubutu kugusa droo. Waliochelewa walikuwa wamekwisha kusaini, kila mmoja kwa saa aliyoipenda.

Mama aliweka mkoba chini, akasaini na kuandika 1:56. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu barabarani, akanisogezea kalamu. Nikaandika 1:58, maana adabu ni kumtanguliza mkubwa. Kisha akafungua droo, akapiga mstari wake, umenyooka vizuri, chini ya jina langu.

Daftari lile bado lipo kabatini. Kwa mujibu wake, Jumatatu ile hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyechelewa.